Oda ya pweza iliyofika jioni: kisa cha arifa za simu kati ya Msangamkuu na Mtwara Mjini

Mzozo ulianzia kwenye kilo nne za pweza. Mama mmoja anayeuza supu ya pweza nyakati za jioni, Mtwara Mjini, aliagiza mzigo saa tatu asubuhi kwa programu ya simu. Aliyeagizwa ni mchuuzi wa Msangamkuu, ng'ambo ya kivuko, ambaye hununua kwa wachokoaji, wanaochokoa pweza kwenye miamba maji yakishapwa. Programu ikamwandikia mama "Oda imetumwa". Saa tisa alasiri sufuria iko tayari, pweza hawajaonekana. Akapiga simu.

"Kaka, mzigo wangu umefikia wapi?"

"Mzigo gani, mama? Leo nimemaliza tangu saa saba, mtu wa hoteli kabeba wote."

"Si nimeagiza tangu asubuhi, na simu imeniandikia imetumwa?"

"Kwangu haijaingia kitu, haki ya Mungu."

Wote wawili walikuwa wakisema kweli, na ndiyo maana kisa hiki cha katikati ya mwaka 2024 kinastahili kufuatwa hatua kwa hatua. Majina ya wahusika na ya programu yenyewe nimeyaacha, hayaongezi kitu.

Mfumo ulivyojengwa

Vijana waliouunda wanaishi hapo hapo mjini. Walitengeneza programu mbili. Moja ni ya mchuuzi: anatangaza alichonacho, iwe pweza, tasi, changu au dagaa, pamoja na bei. Nyingine ni ya mnunuzi: anaona matangazo na kuagiza. Tangazo linatoka kwenye simu ya mchuuzi kwenda kwa wanunuzi wengi; oda inatoka kwenye simu ya mnunuzi kwenda kwa mchuuzi mmoja. Huku na huko, kinachosafiri ni arifa, yale maandishi yanayoshuka juu ya skrini pamoja na mlio wake.

Mtumiaji huona kama simu moja imeigusa nyingine. Haiko hivyo, wala haiwezekani. Simu inayotumia mtandao wa kampuni ya simu haina anwani ya kudumu ambayo simu nyingine ingeweza kuifuata. Iko nyuma ya mitambo ya kampuni pamoja na maelfu ya wenzake, na anwani yake hubadilika. Tena kuanzia Android 6 ya mwaka 2015, simu iliyotulia muda mrefu bila kuguswa hulazwa, na programu zake hupewa intaneti kwa vipindi vifupi tu. Kila programu ingeachiwa ikae macho ikisikiliza yenyewe, betri isingefika adhuhuri. Kwa hiyo simu ya Android hushikilia muunganisho mmoja kwenda seva za Google, yaani kompyuta zao zinazohudumia simu kwa mtandao, na arifa za programu zilizo nyingi hupita hapo, kwa huduma iitwayo Firebase Cloud Messaging. Apple wana huduma yao ya namna hiyo tangu 2009. Ukituma kwa Firebase kwenda kwenye iPhone, Firebase huwakabidhi Apple wamalizie safari.

Google wanajuaje arifa ni ya simu ipi? Programu inapowekwa kwenye simu hupewa tokeni, mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Anayetaka kutuma arifa anahitaji tokeni ya mpokeaji, na anahitaji kibali cha mradi kinachomtambulisha kwa Google kuwa anaruhusiwa kutuma. Hapo kwenye kibali ndipo vijana walipokata kona. Walikiweka, kama ufunguo wa siri, ndani ya programu ya mnunuzi. Mnunuzi akibonyeza "Agiza", simu yake ilichukua tokeni ya mchuuzi kwenye orodha, ikachukua ule ufunguo uliofichwa ndani ya programu, ikawaita Google moja kwa moja. Seva yao wenyewe haikuwepo kabisa. Kukodi seva ni gharama ya kila mwezi, na mafunzo mengi ya zamani mtandaoni yalionyesha njia hiyo hiyo. Mezani ilifanya kazi vizuri: simu mbili pembeni ya kompyuta, zote data imewashwa.

Siku yenyewe

Android 11 ilileta ukurasa unaoitwa historia ya arifa, unaoonyesha arifa za saa 24 zilizopita hata zile zilizofutwa. Mtumiaji huuwasha mwenyewe kwenye mipangilio, na kwa bahati mchuuzi alikuwa ameuwasha. Kesho yake asubuhi simu ilipofunguliwa, oda ilionekana pale: kilo nne, jina la mama, namba yake, yote kamili. Ilifika saa kumi na moja jioni.

Mchuuzi huzima data asubuhi anapoteremka ufukweni. Bando ni fedha, na ukiacha data wazi siku nzima video za kwenye magrupu zinalimaliza kabla ya adhuhuri. Jioni akiwa nyumbani huwasha, na ujumbe wote wa siku humiminika kwa pamoja. Siku hiyo yalishuka ya WhatsApp kwa makumi, na oda ya mama katikati yake. Akabonyeza "Futa zote", kama afanyavyo kila jioni, kama tufanyavyo wengi.

Kufuta arifa si kosa. Kosa ni kwamba baada ya kufutwa, oda haikubaki popote duniani. Firebase ina aina mbili za ujumbe. Ya kwanza ni ujumbe wa arifa: programu ikiwa haiko mbele ya macho, mfumo wa simu huionyesha arifa wenyewe, na msimbo wa programu hauamshwi mpaka mtu aiguse. Ya pili ni ujumbe wa data: huo hukabidhiwa kwa programu, nayo ndiyo huamua ihifadhi nini na ionyeshe nini. Vijana walitumia aina ya kwanza. Hivyo oda ilipoonekana juu ya skrini, programu ya mchuuzi haikujua chochote. Asingeigusa, orodha yake ya oda ingebaki tupu, na ndivyo ilivyokuwa.

Na yale maneno "Oda imetumwa" yaliyomfanya mama asubiri mpaka saa tisa? Google wakipokea ujumbe hujibu kwa kutoa namba yake. Jibu hilo lina maana moja: tumeupokea, tutajaribu kuufikisha. Halisemi umefika kwenye simu, achilia mbali kwamba mtu ameusoma. Programu ya mama ililichukua jibu la Google ikalitangaza kama jibu la mchuuzi.

Arifa ni hodi. Anayepiga hodi mlangoni haachi mzigo hewani kwa matumaini kwamba sauti itaubeba. Mzigo unakuwa mahali pake, hodi inamwita mwenye nyumba aje kuuchukua. Mfumo huu ulikuwa na hodi bila mzigo.

Ufunguo ndani ya kila simu

Kabla hata hawajaanza kurekebisha, likaja la pili, zito zaidi. Ufunguo wa kutuma arifa ulikuwa ndani ya programu, na programu iko kwenye simu ya kila mnunuzi. Faili la programu ya Android hufunguliwa kwa zana za bure, na yeyote mwenye subira ya jioni moja angeusoma ufunguo ule na kuutumia kutuma arifa yoyote kwa watumiaji wote, kwa jina la programu: "Tuma fedha kwa namba hii kuthibitisha oda yako." Sioni haja ya kueleza zaidi, Mtanzania aliyewahi kupokea ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" anajua mwisho wake. Kuuficha ufunguo kwa kuuvuruga maandishi humchelewesha mwizi, hakumzuii.

Kilichowalazimisha kuhama hata hivyo hakikuwa hofu hiyo. Google walikuwa wametangaza Juni 2023 kwamba njia ya zamani ya kutuma, ile inayotumia ufunguo mmoja wa kudumu, itafungwa, na kuanzia 22 Julai 2024 wakaanza kuizima hatua kwa hatua. Arifa zikaanza kukosekana. Vijana wakalaumu mtandao, na si ajabu: tarehe 12 Mei mwaka huo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, Tanzania nzima ikakaa na intaneti ya kusuasua, na tangu hapo kila kitu kilichokwama kilikuwa "ni zile nyaya". Siku kadhaa zilipotea kwa kusubiri mtandao utulie wakati mtandao ulikuwa mzima.

Njia mpya haitumii ufunguo wa kudumu. Inataka kibali cha muda kinachodumu saa moja hivi, kinachotolewa kwa akaunti maalumu ya mradi, na faili la siri la akaunti hiyo halitakiwi kukanyaga simu ya mtu. Kwa maneno mengine, inakulazimisha uwe na seva. Binafsi naona Google walichelewa kufanya hivyo.

Seva ilipoingia katikati

Safari ya oda sasa ni hii. Simu ya mnunuzi inaiita seva ya vijana. Seva inahakikisha aliyeita ni nani, inaandika oda kwenye hifadhidata, na baada ya kuandika tu ndipo inamjibu mnunuzi: "Oda imepokelewa, tunamtafuta mchuuzi." Kisha seva inatafuta tokeni za mchuuzi, inawaita Google, na Google wanaifikisha arifa kwenye simu. Simu ya mchuuzi ikiipata, inairudia seva na kusema imefika. Mchuuzi akifungua na kukubali, seva inapiga hodi ya pili, safari hii kwa mnunuzi: "Mchuuzi amekubali." Mpaka hapo ndipo mama anaweza kubandika sufuria.

Programu ya mchuuzi nayo ikapewa tabia moja iliyoponya zaidi kuliko mengine yote: kila inapofunguliwa huiuliza seva kuna oda gani zinazonisubiri. Hata kama arifa haikufika, au ilifutwa, oda ipo. Ukiwa na muda wa kurekebisha kitu kimoja tu kwenye mfumo wa namna hii, rekebisha hicho.

Upande wa aina ya ujumbe walihamia ujumbe wa data, programu ijichoree arifa yake yenyewe. Hapo kuna mtego mdogo: ujumbe wa data usipotaja kipaumbele huchukuliwa kuwa wa kawaida, na wa kawaida husubiri simu iamke. Oda lazima itajwe kuwa ya kipaumbele cha juu. Lakini usijaze kila kitu kipaumbele cha juu, maana Google huangalia: ukizoea kuamsha simu kwa kipaumbele hicho bila kumwonyesha mtumiaji kitu, ujumbe wako hushushwa daraja. Kwa wanunuzi wachache wenye iPhone, hasa wa mahotelini, waliacha arifa ya kuonekana moja kwa moja, kwa sababu Apple hubana sana ujumbe wa kimyakimya.

Maudhui ya arifa yalipunguzwa. Zamani ilibeba jina, namba ya simu na kiasi cha fedha, vyote vikionekana kwenye skrini iliyofungwa, mbele ya yeyote aliyekaa kwenye benchi la kivukoni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na mfanyabiashara mdogo hajasamehewa. Sasa arifa inabeba namba ya oda tu na maneno "Una oda mpya". Mengine programu inayachukua kwenye seva. Hilo linasaidia pia kwenye ukubwa, kwa kuwa ujumbe mmoja wa Firebase hauruhusiwi kuzidi baiti 4096.

Halafu kuna uhai wa ujumbe. Usipotaja chochote, Google hutunza ujumbe usiofika hadi wiki nne. Kwa pweza wa leo, wiki nne ni kichekesho: mchuuzi mmoja aliwasha simu iliyokuwa kwa fundi akapokea mfululizo wa oda za "leo" za siku zilizopita, akampigia mnunuzi kwa furaha. Oda zikapewa uhai wa saa tatu, yaani sekunde 10800. Matangazo ya bei yakapewa alama ya kuunganishwa, bei mpya ikija inaifuta ya zamani iliyokuwa bado inasubiri. Oda hazikupewa alama hiyo, maana oda ya pili haifuti ya kwanza.

Tokeni nazo zilikuwa na vituko vyake. Tokeni ni ya programu iliyowekwa kwenye simu fulani, si ya mtu. Mchuuzi mmoja alinunua simu mpya, ya zamani akampa mpwa wake aliyeko Nanyamba, na kwa muda kijana huyo akawa anapokea oda za samaki akiwa mbali kabisa na bahari. Sasa hifadhidata ina jedwali linalomfunga mtu na tokeni zake zote pamoja na tarehe ya mwisho kuonekana. Mtu akitoka kwenye akaunti, tokeni inafunguliwa kutoka kwake. Tokeni ikibadilika, programu inatuma mpya. Google wakijibu `UNREGISTERED`, seva inaifuta tokeni hiyo papo hapo bila kujaribu tena. Wakijibu kwamba wamelemewa, inasubiri na kujaribu tena, kila mara kwa muda mrefu zaidi.

Na kwa kuwa mtandao wa kivukoni unakuja na kuondoka, mnunuzi hubonyeza "Agiza" mara tatu akidhani haijaenda. Simu inaipa oda namba ya kipekee kabla ya kutuma, na seva ikiona namba ile ile kwa mara ya pili inajua ni oda ile ile. Bila hivyo kilo nne zingekuwa kumi na mbili.

Bamvua na maji mafu

Hili ndilo lililonivutia kuliko yote, na sidhani kama lingeonekana kwa mtu aliyekaa ofisini Dar es Salaam. Oda za pweza zilizochelewa hazikutawanyika sawasawa. Zilijikusanya siku za mwanzo za kila bamvua.

Pweza wa kuchokoa hutegemea maji. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, ndiyo bamvua, bahari hupwa mbali, miamba ikatoka, kina mama wakashuka na michokoo yao. Katikati ya bamvua mbili ni maji mafu, miamba haitoki vya kutosha, na mchuuzi wa pweza hana cha kutangaza. Wiki nzima haigusi programu. Tangu Android 9, simu huzipanga programu kwa jinsi zinavyotumika, na isiyofunguliwa husogezwa kwenye kundi la nadra, ambako kazi zake za nyuma hubanwa; katika matoleo ya kabla ya Android 13 hata arifa za kipaumbele cha juu ziliwekewa kikomo kwa siku. Kwa hiyo bamvua inaporudi, siku ambayo biashara inaanza, simu imeshaisahau programu. Simu kadhaa za bei nafuu zina ukali zaidi, kwa vile zina programu za kuokoa betri zinazozima kwa nguvu kila kisichotumika, na programu iliyozimwa hivyo haipokei arifa yoyote mpaka mwenyewe aifungue kwa mkono.

Dawa haikuwa ya kompyuta. Seva ilipewa kalenda ya mwezi, na siku moja kabla ya bamvua humtumia kila mchuuzi wa pweza SMS: "Maji yanaanza kutoka kesho. Fungua programu utangaze mzigo." Akiifungua, simu inaikumbuka. Sijui mwongozo wowote wa watengeneza programu unaotaja mwezi mwandamo, lakini Mtwara unahitajika. Kwa wanaopumzika miezi, mathalani wenye vyombo vidogo kusi likivuma, tatizo ni zito zaidi: kuanzia Android 12 programu iliyoachwa miezi kadhaa hulazwa kabisa na kunyimwa arifa. Hao hupigiwa simu.

Wengine walikuwa hawapati arifa kwa sababu nyepesi. Android 13 inataka mtumiaji akubali kwanza, na programu iliuliza mara tu ilipofunguliwa, kabla mtu hajajua ni ya nini. Wengi walikataa. Sasa inauliza baada ya mchuuzi kutangaza mzigo wake wa kwanza, kwa maneno "Tukujulishe mtu akiagiza?" Hapo anayekataa ni nadra. Arifa za oda na za matangazo zikatenganishwa pia, kila moja na mlio wake, ili mnunuzi aliyechoshwa na bei za dagaa azime hizo bila kuzima zote. Kwa maoni yangu matangazo yale bado ni mengi mno.

Data ikiwa imezimwa

Seva na vipaumbele na uhai wa ujumbe havimwashii mtu data. Mchuuzi wa kisa chetu bado anaizima asubuhi, na ana haki. Kwa hiyo seva husubiri dakika kumi. Simu ya mchuuzi isiporudisha jibu la "imefika", inatuma SMS fupi yenye namba ya oda, kiasi, na maelekezo ya kujibu NDIYO au HAPANA. SMS inafika bila bando, na inafika hata kwenye kitochi. Mchuuzi akijibu NDIYO, oda inahesabiwa imekubaliwa sawasawa na aliyebonyeza kwenye skrini. Asipojibu mpaka saa tano asubuhi, mnunuzi anaambiwa wazi: "Mchuuzi hajapatikana, jaribu mwingine." Mama wa supu anasema ujumbe huo ndio anaouthamini zaidi, kwa sababu unamwachia muda wa kwenda sokoni mwenyewe.

Kilichobaki ni nani alipe hizo SMS. Arifa za Firebase ni bure, SMS zina bei, na wanaosababisha zitumwe ni wale wale wanaookoa bando. Vijana walipendekeza gharama ikatwe kwenye malipo ya mchuuzi. Wachuuzi wakasema mnunuzi ndiye mwenye shida ya pweza. Kwa sasa vijana wanalipa wenyewe na wanahesabu kwa kila mchuuzi ni ngapi zimetumwa, wapeleke hesabu hiyo kwenye kikao kabla ya bamvua ijayo.